Namba Nne Anakwenda Peke Yake

Muhula uliopita, kwenye bonanza la gemu kati ya hosteli, timu yetu ilitolewa nusu fainali. Mechi ilipokwisha, jedwali la matokeo likajitokeza kwenye skrini kama kawaida, na jina langu likawa mkiani: nimeua 2, nimekufa mara 13, nimechangia mauaji 19. Mara 13! Chumba kizima kiliona. Jamaa mmoja aliyekuwa amesimama nyuma yangu na soda mkononi akasema, tena si kwa ubaya, "Sista, ungekaa tu karibu na wenzako, wala yasingekukuta."

Tangu siku ile nimeulizwa swali hilohilo kwenye foleni ya kantini, kwenye vimbweta, hadi kwenye kundi la WhatsApp la kozi: hivi kwa nini unakwenda peke yako? Nimechoka kujibu vipande vipande, kwa hiyo naandika mara moja. Nitaeleza namba nne ni nani, anatafuta nini msituni usiku, na kwa nini mimi niliyepangiwa nafasi hiyo eti kwa sababu ni msichana nimeipenda kiasi cha kukataa kuhamishwa.

Kwa ambao hamjawahi kuicheza, gemu yenyewe ni Dota 2. Imetengenezwa na kampuni ya Valve ya Marekani na ilitoka rasmi Julai 2013, ila chimbuko lake ni la zamani zaidi: ni ramani ambayo wachezaji wenyewe waliitengeneza ndani ya gemu nyingine, Warcraft III, wakaigeuzageuza miaka na miaka mpaka ikasimama kwa miguu yake. Kuipakua ni bure. Kinachouma ni bando, maana faili lake ni zito kweli. Wengi wetu hosteli tuliipata kwa kunakiliana kwenye diski.

Timu ni mbili, watano kwa watano. Kila mtu anachagua shujaa mmoja kati ya zaidi ya 120, na shujaa akishachukuliwa, hakuna mwingine wa kumchukua mechi hiyo. Kila upande una ngome kuu, na kati ya ngome hizo kuna njia tatu zenye minara, msitu pande zote, na mto unaokatiza katikati. Atakayebomoa ngome ya mwenzake ndiye mshindi. Unaua askari wadogo wa adui, unapata dhahabu na uzoefu, unanunua silaha, unapanda levo, unazidi kuwa hatari. Mpaka hapo ni rahisi.

Ugumu unaanza kwenye mgawanyo wa dhahabu. Iliyopo ramani nzima haitoshi kuwashibisha watu watano. Ni kama nyumba yenye kuku mmoja na watu watano mezani: lazima ijulikane mapema paja ni la nani. Ndiyo maana nafasi zina namba, kuanzia moja hadi tano, na namba hizo hazina maana nyingine ila zamu ya kula. Namba moja anakula kwanza, kwa sababu akishiba ndiye atakayetubeba mwishoni. Namba mbili anakaa njia ya kati. Namba tatu anakula alichoweza kukwapua kwenye njia ngumu. Namba nne na namba tano ndio sapoti, watu wa makombo.

Wengi wanadhani sapoti wote ni kitu kimoja. Sivyo. Namba tano, hasa mwanzoni mwa mechi, ni kama mlezi: anakaa na namba moja, anamfukuzia maadui, anamponya, anamnunulia vitu vidogo vidogo. Namba nne anaanza na namba tatu, lakini baada ya dakika chache anaondoka. Hana njia yake. Anazunguka. Leo yuko mtoni, sasa hivi yuko nyuma ya mnara wa adui, ukimtafuta tena yuko msituni kwa watu. Na mara nyingi yuko peke yake, akiwa na silaha duni kuliko karibu kila anayeweza kukutana naye. Hapo ndipo hatari inapoanza, na ndipo mapenzi yangu yanapoanza pia.

Dota ni gemu ya giza. Unaona tu kile ambacho watu wako, minara yako na askari wako wanakiona. Sehemu nyingine yote ya ramani imefunikwa, na adui anaweza kuwa hatua kumi kutoka kwako ukiwa hujui. Tena gemu ina mchana na usiku, kila kimoja dakika 5. Mchana mashujaa wengi wanaona hadi umbali wa 1800 kwa vipimo vya gemu. Usiku ukiingia, umbali huo unashuka hadi 800. Zaidi ya nusu ya dunia inapotea, ghafla, na timu zenye akili zinasubiri saa hiyo kwa hamu.

Dawa ya giza ni jicho. Kwa Kiingereza linaitwa jina linalofanana na wodi ya hospitali, sisi hosteli tumezoea kuliita jicho. Unalichomeka ardhini, halionekani kwa macho ya kawaida, linakaa dakika 6 likitazama eneo kubwa kulizunguka, kisha linakufa. Siku hizi dukani ni la bure, ila hayatoki mengi kwa wakati mmoja, ukiyamaliza unasubiri. Kuna na ndugu yake, tunamwita kurunzi, wa dhahabu 50, ambaye kazi yake ni kufichua visivyoonekana: macho ya adui, na mashujaa wanaotembea wakiwa wamejificha. Adui akiliona jicho lako analivunja, na anapata dhahabu kwa kazi hiyo.

Sasa fikiria jicho zuri linatakiwa kuwekwa wapi. Nyumbani kwako? Nyumbani unapajua. Jicho lenye thamani ni lile lililochomekwa pale adui anapojiona yuko salama, anapolisha namba moja wake, anapokusanyika kabla ya kuja kukuvunjia mnara. Jicho halirushwi kutoka mbali. Mtu lazima aende mwenyewe kwa miguu, achomeke, na kama Mungu akipenda, arudi.

Nani aende? Namba moja hawezi. Akifa yeye, hazina yote ya timu imelala. Kufa kwenye Dota kuna bei: unapoteza sehemu ya dhahabu uliyonayo, waliokuua wanapata dhahabu na uzoefu, na wewe unasubiri kufufuka, sekunde chache mwanzoni, zaidi ya dakika moja mechi ikikomaa. Muda wote huo wenzako wanapigana wanne kwa watano. Kwa hiyo anatumwa yule ambaye kifo chake ni cha bei nafuu. Ukweli ndio huo, hauna sukari. Namba nne anakwenda kwa sababu timu ikimpoteza inapoteza kidogo.

Nilipoelewa hesabu hii mara ya kwanza niliumia kidogo. Baadaye nikaona upande wake wa pili: mtu mwenye bei nafuu ndiye mtu huru kuliko wote uwanjani. Namba moja anacheza kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Kila hatua anaulizwa, kila kosa lake ni kesi. Mimi hakuna anayeniuliza niko wapi. Naamua mwenyewe sasa hivi timu inahitaji kujua nini, halafu nakwenda kukitafuta.

Shujaa ninayempenda kwa kazi hii ni Bounty Hunter. Ana uwezo wa kutembea bila kuonekana kwa sekunde kadhaa, na ana uwezo wa kumtia alama adui: ukishamtia, timu yako inamwona anakokimbilia, na akiuawa akiwa na alama hiyo, timu inapata dhahabu ya ziada. Ukimsikiliza mtu akimweleza utadhani ni jini. Kumbe ni mwepesi kama karatasi. Kurunzi moja ya dhahabu 50, au unga wa kufichua uliopulizwa kwa wakati, na umebaki uchi katikati ya watu watatu wenye hasira. Kinachokuokoa ni kujua watu wako wapi kabla hawajajua wewe uko wapi.

Ngoja niwaeleze safari moja, muone ninachokizungumzia. Mechi ya kawaida, usiku umeingia. Wenzangu wanakula msituni kwetu. Kwa sekunde kama ishirini hivi hakuna adui hata mmoja aliyeonekana kwenye ramani ndogo ya pembeni, na watu watano hawapotei bure. Ama wanakuja kwetu, ama wako kwa Roshan. Huyu Roshan ni zimwi linaloishi kwenye pango. Timu ikimuua inapata ngao inayomfufua aliyeibeba akifa, ila ngao hiyo ina dakika 5 tu. Timu yenye ngao inaingia nyumbani kwako bila hodi.

Nikawasha moshi. Huo nao ni kitu cha dukani, dhahabu 50: unakuficha hata mbele ya macho ya adui na kwenye ramani yake, mpaka umkaribie adui mwenyewe au mnara wake, hapo unakatika. Nikavuka mto. Sauti nimeiongeza hadi mwisho, nasikia hatua za shujaa wangu na kipepeo cha laptopu. Moshi ukakatika nikiwa karibu na pango. Moshi kukatika bila wewe kumwona mtu ni habari tosha: kuna mtu pale gizani, karibu. Nikachomeka jicho, nikamwona Roshan amebaki na damu kidogo na wanne wamemzunguka, nikamtia alama namba moja wao, nikasema kwenye maiki neno moja, "Pangoni!" Sikutoka. Niliuawa kabla sijamaliza kugeuka. Lakini wenzangu walishaanza kukimbia, jicho bado linatazama, alama bado inawaka, na wale wanne walikuwa wamechoka kwa kupigana na zimwi. Tuliua watatu, na Roshan tukamchukua sisi. Kwenye jedwali, mchango wangu katika tukio lile ulikuwa kifo kimoja na sifuri ya kuua.

Raha yake siwezi kuieleza vizuri kwa mtu ambaye hajaiona. Ni zile sekunde kabla. Unajua kitu ambacho hakuna mwingine anakijua, uko mahali ambapo hutakiwi kuwa, na ukikosea hatua moja basi. Nimewahi kujikuta nimeshika pumzi kabisa, niko kitandani hosteli na neti nimeishusha, roommate ananiangalia kama nimepandisha mashetani.

Kuna sababu nyingine ya kwetu huku ambayo sijasikia watu wakiizungumzia. Seva tunazotumia ni ya Afrika Kusini au ya Dubai, na intaneti yetu mnaijua. Unabonyeza sasa, shujaa anaitika baadaye kidogo. Kwa namba mbili, ambaye maisha yake ni kushindana wepesi wa vidole, ucheleweshaji ule ni msiba. Namba nne anaweza kuufidia kwa kuwahi. Nikishakuwa mahali sahihi sekunde tano kabla ya ugomvi kuanza, robo sekunde ya mtandao hainisumbui sana. Laptopu mbovu na bando la usiku vilinifundisha nafasi hii kabla mtu hajanifundisha.

Sasa turudi kwenye suala la msichana. Nilianza kucheza nikisubiri matokeo ya kidato cha sita, kwenye kompyuta ya kaka yangu, na yeye alinichezesha kila nafasi bila ubaguzi, ilimradi nisimguse kipanya chake. Nilipofika chuo nikakuta desturi: msichana akiingia kwenye timu, anapewa sapoti. Hakuna anayeuliza. "Wewe dada utacheza tano, utatuponya." Wanasema kwa upole, kama wanakusogezea kiti. Nilikubali sapoti, ila namba tano nikaikataa, nikaomba nne. Wakaona sawa tu, kwao sapoti ni sapoti. Hawakujua wamemruhusu mtu kwenda sehemu yenye hatari kuliko zote kwenye ramani kwa kudhani wamemweka jikoni.

Ndiyo maana yale maneno ya jamaa wa soda yaliniuma kuliko kufungwa kwenyewe. Ungekuwa salama. Mbona namba mbili wetu alikufa mara 9 na hakuna aliyemwambia akae karibu na wenzake?

Sisemi kwamba nafasi hii inadharauliwa duniani kote. Kwenye mashindano makubwa namba nne ni wafalme. Mashindano yenyewe yanaitwa The International, na yale ya Agosti 2017 kule Seattle, yenye zawadi ya zaidi ya dola milioni 24 kwa jumla, yalichukuliwa na Team Liquid, iliyoifunga Newbee 3–0 fainali. Namba nne wao alikuwa Maroun Merhej, Mlebanoni anayejulikana kwa jina la GH, aliyejiunga na timu hiyo mwaka huohuo. Mwaka uliofuata, Vancouver, OG walianzia kwenye mchujo wa wazi, ule ambao timu yoyote inaruhusiwa kujaribu bahati, wakaenda hadi wakabeba kombe kwa kuifunga PSG.LGD 3–2. Mwaka 2019 wakabeba tena Shanghai, timu ya kwanza kushinda mara mbili. Namba nne wao miaka yote miwili alikuwa Mfini, Jesse Vainikka, maarufu kama JerAx. Mtafuteni akicheza Earthshaker. Ugomvi ukianza, mara nyingi utakuta alishafika zamani na amejibanza sehemu.

Kwa watu wa mpira nitumie mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2003 Real Madrid ilimsajili David Beckham, na dirisha hilohilo ikamwacha Claude Makélélé aende Chelsea. Mzaliwa wa Kinshasa, kiungo mkabaji, mtu ambaye kwenye orodha ya wafungaji humwoni, na ambaye jina lake kwetu Waswahili ni kelele tupu ingawa kazi yake ilikuwa ya kimya kuliko wote uwanjani. Leo hii Waingereza wakitaka kutaja nafasi ile wanaitaja kwa jina lake.

Sisi tunaosomea ualimu tuna kozi ya upimaji na tathmini, na kuna kitu pale tunakariri kila mwaka: kipimo lazima kipime kile kilichokusudiwa kupimwa. Jedwali la Dota linahesabu kuua, kufa na kuchangia kwa sababu hivyo vinahesabika kirahisi. Mnara ambao adui hakuuvunja kwa sababu uliwaona mapema hauna safu yake. Namba moja aliyegeuza njia na kupona hana pa kuandikwa. Niliwahi kumwambia hivyo namba moja wetu, jamaa wa uhandisi, akanijibu, "Sawa, lakini kufa 13 bado ni kufa 13." Na hapo alikuwa na hoja, mtaona.

Siku mbili baada ya kutolewa tulikutana geto kwake. Wote watano, chai na maandazi, kikao rasmi kabisa. Wakaniambia wanataka nihamie namba tano, nikae naye yeye njia moja. "Hatukutoi kwenye timu," akasema, "tunakulinda." Nilinyamaza kwanza, maana ningejibu pale pale ningelia, na kulia mbele ya wale wanne kungemaliza kesi. Nikaomba kitu kimoja: tuiangalie mechi yenyewe kwanza. Dota inahifadhi marudio. Unaweza kuipakua mechi, kuirudisha nyuma, na kuitazama kwa macho ya upande wowote. Tukaunga bando kwa kuchangishana, tukaipakua, na nikachukua daftari nikapiga mstari kwa kila kifo changu.

Vifo 4 vilikuwa na risiti. Nilikufa, lakini kwa kufa kwangu tulipata mnara, au namba moja alitoroka, au watu watatu walinifukuza hadi mwisho wa dunia huku wenzangu wakivunja upande wa pili. Vifo 3 vilikuwa ni ugomvi wa jumla ambao tulikufa karibu wote. Hapo nikaanza kukaa vizuri kwenye kiti.

Vikabaki 6, na hivyo vilikuwa vyangu mwenyewe. Vitatu kati yake vilitokea mahali pamoja, kwenye ngazi ya kupandia msitu wa adui, na vyote nilipita kwa mguu uleule, kona ileile. Tulipobadilisha kutazama kwa macho ya adui, kurunzi yao ilikuwa imesimama pale pale, inanisubiri. Kifo cha kwanza pale unaweza kukiita bahati mbaya. Cha pili, mazoea. Cha tatu nilikitazama mara mbili nikitafuta sababu ya kwenda, na haikuwepo. Jicho letu la jirani lilikuwa bado lina dakika nzuri tu. Hatukuhitaji kitu kule. Nilikwenda kwa sababu napenda kwenda.

Hiyo ndiyo hatari ya kuipenda nafasi hii, na nimeiweka hapa kwa sababu wanaoisifia huwa wanairuka. Zile sekunde za kushika pumzi zinalevya. Unafika mahali unajiambia unaitafutia timu habari, kumbe unajitafutia wewe mwenyewe ile hali. Na kwa kuwa kweli kuna vifo vyenye risiti, ni rahisi mno kuvipitisha vile vya bure kwenye dirisha hilohilo. Nimefanya hivyo miezi mingi. "Nilikuwa natafuta jicho" ni kauli isiyoweza kupingwa kama hakuna anayerudi kuangalia mkanda.

Nikakiri. Lakini tulikuwa bado hatujamaliza, nikasogeza hadi dakika ya 31, pale tulipopoteza mechi. Jicho langu, nililolichomeka na kufa kwalo, moja ya vile 4 vya halali, lilikuwa linaonyesha watu watatu wakipanda kushoto. Doti tatu nyekundu kwenye ramani ndogo, sekunde saba nzima. Na namba moja wetu anaendelea kukata askari kulia kama mtu anayelima shamba lake. Geto lilikuwa kimya. Akarudisha nyuma mwenyewe, akatazama tena, akasema, "Sikuangalia." Basi. Hakuna aliyemcheka, na mimi sikuongeza neno, ingawa nilikuwa nayo maneno mengi tu.

Tukakubaliana nibaki nne. Sharti lao: kabla sijatoka niseme natoka na nakwenda kutafuta nini, kwa sauti, kwenye maiki. Ukilazimika kuisema sababu, ile isiyokuwepo inajulikana haraka. Nimejikuta zaidi ya mara moja nafungua mdomo kisha nanyamaza na kurudi. Sharti langu: nikisema "kushoto", mtu aangalie kushoto.

Jambo moja zaidi. Yule aliyekuwa anachomeka kurunzi kwenye ile ngazi nilikuja kumjua. Ni dogo wa mwaka wa kwanza, namba tano wa timu iliyotutoa, mpole hata sauti haisikiki. Alinifuata kantini na sahani yake, akasema, "Dada, samahani, ila ulikuwa unapita palepale." Nikamwambia akae. Tuliongea saa nzima kuhusu sehemu za kuficha macho tangu Aprili 2023, ramani ilipopanuliwa kwa asilimia 40 na kona nyingi tulizokuwa tunazijua zikabadilika. Siku hizi tunachezeana kirafiki. Mchezo wa mwisho nilikufa mara 8. Kurunzi yake ilikuwa ngazini kama kawaida, ila nilipitia mtoni, na jicho langu lilikaa dakika zote 6 nyuma ya mgongo wake.

Bonanza la muhula huu linaanza wiki moja baada ya testi za katikati. Namba tano wetu anamaliza chuo mwaka huu, kwa hiyo tunatafuta mtu, na tunafanya majaribio kila Jumamosi jioni kwenye ukumbi mdogo wa hosteli. Hatumpangii mtu namba kabla hatujamwona akicheza. Njoo na kipanya chako.